Kabla warekodi mikono ya mafundi wa Kamukunji, tuongee bei

Bw. Mhariri,

Naomba nafasi kidogo juu kuna kitu imenikaa rohoni wiki mbili sasa. Kuna kijana alikuja hapa kibandani kwetu jua kali ya Kamukunji, mpole, ameongea na heshima, ana kamera ndogo ya kufunga kichwani. Akasalimia mzee ninayefanya kazi chini yake, akamwambia anataka avae hiyo kamera kutoka asubuhi hadi jioni akiwa anapiga masanduku ya bati kama kawaida, na akimaliza atapewa 1,000. Hakuna karatasi, hakuna jina la kampuni, alisema tu ni mambo ya kufundisha roboti. Mzee akamwambia, "Kijana yangu, rudi siku ingine, wacha nifikirie kwanza."

Mimi nilielewa haraka sana ni nini inatafutwa hapo na nitaeleza kwa nini. Kabla nije Kamukunji nilikuwa nakaa Roysambu, na kuanzia 2019 kazi yangu ilikuwa kuandikia wanafunzi wa Marekani na Uingereza insha zao za chuo. Sitaitetea hiyo kazi, lakini ndiyo ililipa renti, yangu na ya vijana wengi wenye digrii walikosa kwa kuzipeleka. Tulikuwa wanne kwa nyumba moja na laptopu nne, tunalala mchana juu dedilaini za huko zinaangukia usiku wa huku. Alafu tarehe 30 Novemba 2022 ChatGPT ikatoka, ile akili bandia ya kuandika, na Machi 2023 ikafuata GPT-4, toleo lenye nguvu zaidi, ambayo wenye kuitengeneza walisema imepita mtihani wa mawakili wa Marekani. Oda zikaanza kupungua polepole, kutoka kumi kwa wiki hadi nne, hadi moja, na kuna klaenti nilikuwa nimemfanyia miaka mitatu ambaye hakuaga hata, alinyamaza tu. Kufikia Septemba tulikuwa tumerudisha funguo za nyumba kwa keateka. Mmoja akaenda kwao Kitale, mmoja anaendesha boda, mimi nikaja kwa huyu mzee, ambaye ni rafiki ya marehemu baba, nikamwomba anifundishe.

Na hapa ndipo nimekuwa nikifikiria sana. Tangu darasa la kwanza tuliambiwa soma bidii ndio usiishie kushika nyundo, na wenye walijifanya wanajua mambo ya kesho walisema mashine zikija zitaanza na watu wa mikono, wenye kalamu watafikiwa mwisho. Imekuwa kinyume kabisa. Kumbe wataalamu walijua kitambo, Hans Moravec, mtaalamu wa roboti, aliandika hiyo maneno 1988, kwamba ni rahisi kiasi kufanya kompyuta ipite mtihani wa akili kama mtu mzima na ni ngumu sana kuipa uwezo wa mtoto wa mwaka mmoja wa kuona vitu na kutembea. Hata Geoffrey Hinton, mwenye alipata Nobel ya fizikia 2024 kwa kazi iliyozaa hizi akili bandia, ameshauri watu wasomee ufundi bomba.

Sababu yenyewe si ngumu kuelewa. Hizi mashine za maneno zimesoma maandishi ambayo watu wameweka kwa intaneti kwa miaka mingi, vitabu, magazeti, maswali na majibu, kila kitu. Sasa nionyeshe ni wapi kwa intaneti mtu ameandika venye mkono unajua.

Wacha nieleze huyu mzee. Sikio lake la kulia halisikii tena, nyundo za miaka thelathini na kitu zimelimaliza. Akikunja ukingo wa sanduku anaweka bati juu ya kipande cha reli, anapiga mara tatu hivi, na mkono wa kushoto unasukuma bati kidogo kidogo bila yeye kuangalia, alafu anasimama. Anaweka kiganja juu ya bati, anagonga moja tu ya pole, anangoja. Nikamuuliza siku moja anangoja nini. Akanishika mkono wangu akauweka pale, akagonga, akaniambia "unasikia inatetemeka huku na huku imelala? Hapo kuna hewa." Sikuskia kitu. Nilichukua karibu miezi minne kuanza kuskia, na kabla ya hapo nilikuwa nimeharibu mabati mengi na yeye ndiye alikuwa anagharamia.

Hiyo ndiyo kitu roboti zinakosa. Zimeendelea na sitasema uongo, naangalia video zake usiku nikitoka kazi na nafurahia kama mtu yeyote, zingine zinaruka sarakasi, zinapanga mizigo, zinakunja nguo. Aprili 2025 huko Beijing waliweka roboti za miguu miwili zikimbie nusu marathoni pamoja na watu, kilomita 21, nyingi zikaanguka ama zikatolewa njiani na ya kwanza ikafika kwa saa mbili na dakika arobaini. Kelvin Kiptum wetu, Mungu amlaze pema, alikimbia marathoni nzima Chicago 2023 kwa saa 2:00:35. Lakini ukiangalia ile ya kwanza kumaliza unaona imekuja mbali kwa muda mfupi, na kitu kinachoichelewesha sasa ni kukosa mafunzo. Maneno yalikuwa yamejaa kwa intaneti yakichukuliwa bure, mikono haikuwa. So sasa wanaenda kuitafuta kwa wenye nayo, mtu anavaa kamera akifanya kazi yake ama anaendesha mkono wa roboti na rimoti mara mia, mia mbili, mpaka mashine ishike. Ndio hiyo kamera ikafika Kamukunji.

Sipingi roboti, nataka hiyo ieleweke vizuri. Kama itakuja moja ya kubeba zile chuma kutoka Gikomba badala ya mgongo wa mtu wa mkokoteni, ije hata kesho. Kama kungekuwa na mashine ya kupiga ile kazi ya kelele mbaya zaidi huyu mzee angekuwa na masikio mawili leo. Shida yangu ni vile Nairobi tumekuwa tukiuza vitu kabla tujue ni nini tunauza. Januari 2023 jarida la Time liliandika kuhusu vijana wa hapa hapa Nairobi waliokuwa wanasoma maandishi machafu kabisa, mambo ya kuua na kunajisi watoto, ndio ChatGPT ifunzwe kuyakataa, na walikuwa wanalipwa chini ya dola mbili kwa saa. Mwaka huo huo, kabla serikali isimamishe Worldcoin, ile ya sarafu ya kidijitali, mwezi wa Agosti, watu walipanga foleni kwa jumba la mikutano la KICC hadi usiku wakipigwa picha za macho ndio wapate kitu kama shilingi 7,000. Siwalaumu waliopanga, njaa ni njaa. Lakini Mei 2025 mahakama kuu ikasema hizo data zifutwe juu hazikuchukuliwa kwa njia ya sheria, na hapo ilikuwa karibu miaka miwili imepita.

Sasa kwa hii ya mikono bado hatujachelewa. Sheria ya ulinzi wa data tuko nayo tangu 2019 na inataka mtu aambiwe data yake inachukuliwa ya kazi gani. Naomba viongozi wa jua kali, si wa Kamukunji peke yake, hata wa Kariobangi na Gikomba, waite mafundi waongee hii maneno kabla kila mtu ajiuzie peke yake kibandani. Kila mwenye kuja na kamera aje na jina la kampuni, karatasi ya Kiswahili, na malipo yanayorudi kila wakati hiyo rekodi inatumika ama kuuziwa mwingine. Na serikali ya kaunti, ambayo inatutoza ya leseni kila mwaka, isimame na sisi hapo.

Yule kijana alirudi Jumanne. Mzee akamkaribisha kiti, akamwagizia chai, akamuuliza hiyo roboti ikishajua kupiga sanduku itapiga mangapi. Kijana akasema hajui, labda mengi. Mzee akanionyesha kwa kidole. "Huyu alinilipa elfu kumi na tano ndio nimfunze, na akanifagilia hapa miezi mitatu bila mshahara. Na yeye anajua kupiga sanduku moja kwa wakati. Waambie wakubwa wako hiyo ndiyo bei ya mwanafunzi mmoja, kila roboti ni mwanafunzi."

Kijana aliandika hiyo kwa simu yake, akamaliza chai, akaenda. Bado tunangoja jibu.

Fundi mwanafunzi,
Kamukunji, Nairobi