Tuwaachie wanafunzi kipande cha ukuta

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie michoro ya kuwaenzi wanafunzi, ambayo hapa Mtwara imeanza kujadiliwa kwenye mikutano ya mitaa na vikao vya wazazi. Mimi ni fundi wa kuandika mabango na kuta za maduka, kwa hiyo msomaji ajue mapema kwamba nina masilahi: kuta zikichorwa huenda nami nikapata kibarua. Wazo lenyewe ni zuri. Naona tu linaelekea kufanywa vibaya.

Anzia Chikongola, pita Magomeni, halafu shika barabara ya kwenda Mikindani, utazame kuta. Zinauza vocha, soda, saruji na sabuni. Nyingine nimeziandika kwa mkono wangu na sioni aibu, maana ndizo zilizowanunulia wanangu sare na madaftari. Lakini mtoto anatoka nyumbani mpaka getini kwa shule amesoma bei za vifurushi vya simu njia nzima, bila kukutana na neno lolote linalomhusu yeye. Ndani ya uzio ni kwingine: kuna ramani ya Tanzania, kuna mfumo wa mmeng'enyo wa chakula, kuna irabu zimepangwa kwa rangi, na walimu wa awali wana darasa wanaloliita linaloongea. Tatizo ni kwamba uzio ule mzazi hauvuki mpaka aitwe kikao, au mtoto awe na kesi. Kwa hiyo aliyefikiria kuitoa heshima ya mwanafunzi nje, barabarani, mimi nampokea kwa mikono miwili.

Ugomvi wangu ni juu ya kinachotaka kuchorwa. Pendekezo ninalolisikia kila mahali ni sura za walioongoza. Mtoto kapata daraja la kwanza la pointi 7, basi achorwe, na chini yake jina, shule na pointi zake. Huo utakuwa ubao wa matokeo uliotiwa rangi. Baraza la Mitihani lenyewe limeshatoka huko. Lilipotangaza matokeo ya kidato cha nne Januari 2023, liliacha utaratibu wa kutaja shule kumi bora na wanafunzi kumi bora, kwa maelezo kwamba watoto hawa hawasomi katika mazingira yanayolingana. Nani asiyelijua hilo huku kwetu? Wa bweni ana maktaba na mwalimu wa kila somo. Mwenzake wa shule ya kata huko ndani Tandahimba au Nanyumbu anatembea asubuhi na giza lake, na somo la fizikia analisoma kwa kunakili daftari la aliyemtangulia. Leo Baraza limefuta orodha, sisi tunataka kuirudisha kwa brashi.

Katika kikao kimoja nilichohudhuria, mzee mmoja alinyoosha mkono. Alikuwa mjomba wa binti aliyependekezwa, na kwetu kusini mjomba akizungumzia habari ya mpwa wake watu hukaa kimya. Akauliza, "Na mwakani akifeli, mtakuja kumfuta?" Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Mama mmoja aliyekaa nyuma akadakia, "Na akipata mimba je?" Hapo kicheko kikakatika, na mwenyekiti akahamia haraka kwenye ajenda ya taka.

Swali la mjomba halikujibiwa, ila kwangu ndilo lililokuwa la maana kuliko yote siku ile. Kumchora binti wa miaka 16 kwa kimo cha mita mbili, na jina lake, na shule anayosoma, kwenye barabara ambayo wanaume wa kila namna wanapita, ni kumwekea mtoto macho ambayo hakuyaomba. Tena kuna sheria. Ile ya ulinzi wa taarifa binafsi ilitungwa mwaka 2022 na ikaanza kutumika Mei 2023. Picha ya mtu pamoja na jina lake ni taarifa zake, na kwa mtoto ridhaa hutolewa na mzazi au mlezi. Kusema "tulishaongea na mama yake pale sokoni" si ridhaa. Na kuhusu swali la yule mama wa nyuma, tangu Novemba 2021 Serikali imewafungulia mlango wanafunzi waliokatisha masomo warudi darasani, wakiwamo waliojifungua. Binti wa namna hiyo akirudi, akute sura yake imepakwa chokaa na watu wa mtaa wake mwenyewe, atakuwa amerudi kweli?

Sasa niutaje ukuta ninaoupenda. Uko ubavuni mwa duka la spea za baiskeli, jirani na kijiwe cha bodaboda. Mchoro si mkubwa. Ni mikono miwili ya mtoto: mmoja umeshika penseli iliyochongwa mpaka imebaki kama kidole gumba, mwingine umekandamiza daftari lisipeperushwe na upepo. Sura hakuna. Kwenye daftari pameandikwa 3/4 + 1/6, na nafasi ya jibu imeachwa wazi.

Siku moja nilikuta madereva wawili wanabishana mbele yake. Mmoja anashikilia ni 4/10, kajumlisha za juu peke yake na za chini peke yake, na ameapa. Mwenzake anakataa, ila njia haijui. Mama anayekaanga mihogo pale pembeni akawaambia bila kuinua macho kwenye karai, "Tafuteni KDS, kigawe kidogo cha shirika. Kumi na mbili. Haya, tisa na mbili?" Wakanyamaza. Akapita mtoto wa darasa la sita na begi lake, akaitwa awe mwamuzi. Akaokota kipande cha mkaa, akapiga hesabu palepale kwenye plasta: 9/12 + 2/12 = 11/12. Mwenye duka alitoka akafoka kidogo juu ya uchafu wa mkaa, kisha akaingia ndani. Hakuifuta, na dereva wa 4/10 ametaniwa mpaka amezoea.

Hicho ndicho ninachokiombea. Kila ukuta utakaochorwa kwa ajili ya wanafunzi, chini ya mchoro uachiwe ukanda mweusi wa ubao, kimo cha kufikiwa na mtoto wa darasa la tatu. Ipakwe rangi ya ubao yenyewe ya dukani, si ule mkaa wa betri tuliokuwa tukiuponda na kusiliba enzi zetu, mikono ikabaki myeusi wiki nzima. Mwalimu wa shule ya jirani aweke swali Jumatatu, watoto wapambane nalo wakitoka shule. Mwenye nyumba akiwa na baraza na taa ya nje, jioni hapo pana darasa. Paketi ya chaki haiwezi kuushinda mtaa. Na juu ya ukanda huo mchoraji achore kazi ya mwanafunzi na vitu vyake: mikono, mgongo wenye begi, ndoo ya maji kichwani na kitabu kwapani. Mtoto yeyote akipita ajione yumo, na hakuna atakayefutwa akifeli.

Nje ya mji ningeanza na maghala ya AMCOS, vyama vya msingi vya ushirika vya wakulima. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uingie kwenye korosho mwaka 2007, mkulima hana budi kufika ghalani na magunia yake, apange foleni, asubiri mzani. Anakaa pale saa nzima, pengine mbili, akitazama ukuta mtupu. Na msimu wenyewe unaanza Oktoba, wakati mtihani wa kidato cha nne ni Novemba, na kila mwalimu wa Newala au wa Nachingwea atakwambia madawati yanavyopungua watoto wanapopelekwa kuokota korosho. Mchoro wa bibi akiokota mabibo huku mjukuu akielekea shuleni, hapo mbele ya mzani, utasomwa na mtu yuleyule anayeamua mtoto aende wapi asubuhi. Vyama vyetu vinajua kukata shilingi kadhaa kwa kilo kwa ajili ya maendeleo. Sioni kwa nini rangi ya ukuta mmoja na madaftari ya watoto wa wanachama visiingie kwenye hesabu hiyo, mkutano mkuu ukiridhia.

Niseme la kiufundi, maana hapa ndipo fedha za watu hupotea. Kuna mradi mmoja uliochora ukuta mzuri sana karibu na bahari, ukabanduka kama ngozi ya nyoka kabla mvua haijaisha. Walipaka Januari. Mvua zetu huanza mwishoni mwa mwaka na kwenda mpaka Aprili, kwa hiyo ukuta wa nje upakwe Juni hadi Septemba, umekauka. Plasta mpya iachwe mwezi mzima. Ukuta uliopigwa na hewa ya bahari ukwanguliwe, uoshwe kwa maji baridi ya bomba ile chumvi nyeupe itoke, ukauke, ndipo ipakwe rangi ya awali na baadaye rangi ya maji ya nje. Zile nyumba za kale za Mikindani za mawe ya matumbawe ndiyo kabisa, msizipake rangi ya mafuta. Ukuta ule unapumua. Ukiuziba, unyevu unatafuta pa kutokea na kuibeba rangi yote. Kule ni chokaa iliyochanganywa na rangi ya unga, hata kama haing'ai.

Na wachoraji wasiagizwe Dar es Salaam kwa posho na hoteli. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa jirani zetu Tunduru mwaka 1932, akafika mjini akaanza kuchora mwaka 1968 kwa rangi za baiskeli juu ya vipande vya mbao za dari. George Lilanga, mchongaji na mchoraji, alitoka Masasi. Kusini hakujawahi kukosa mikono. Kuna vijana hapa wanachora vifuniko vya bajaji kwa bei ya chakula cha mchana. Wapeni kazi hii, na mwanafunzi anayependa kuchora awekwe pembeni ya fundi ajifunze kupiga miraba na kukuza picha.

Kuna kikwazo kimoja ambacho Manispaa ya Mtwara Mikindani inaweza kukiondoa kwa karatasi moja. Wenye maduka niliozungumza nao hawakatai kutoa ukuta. Wanaogopa kesho aje mtu na kitabu cha risiti, awadai ushuru wa mabango kwa sababu ya picha ya daftari. Naomba halmashauri itamke kwa maandishi kwamba mchoro wa wanafunzi usio na tangazo la biashara hautozwi kitu, na nakala ibandikwe kwenye kila ofisi ya kata. Itoke kabla ya Juni, kuta zikiwa zinaanza kukauka.

Fundi wa mabango,
Chikongola, Mtwara