Shangazi, yule anayeimba ndani ya kinanda

Shikamoo shangazi.

Natumaini mvua za huko zinakupa nafasi ya kuanika, na wale kuku walionusurika na kideri wanaendelea. Huku Dar ni joto na foleni, mengine salama.

Nakuandikia hadharani, na najua utaguna, maana maneno ya mtu na shangazi yake hayaanikwi barabarani. Lakini ile flashi ya muziki niliyokuachia Pasaka imeshazunguka. Mama mchungaji kanakili, kijana wa duka la dawa kanakili, na wiki iliyopita mtu nisiyemjua kanipigia simu kuniuliza swali lilelile uliloniuliza wewe. Basi nijibu mara moja, wote wasikie. Jina lako sitalitaja, ingawa kwaya nzima itajua ni nani.

Unaikumbuka jioni ile umeme ulipokatika? Tulikuwa barazani, wewe na ungo wa maharage mapajani, redio yako ndogo ya kuchomeka flashi iko juu ya stuli. Nikakuwekea kinanda. Ukachambua, ukachambua, halafu mkono ukasimama na punje moja kati ya vidole. "Zima kidogo. Kuna mtu anaimba humo ndani." Nikasema ndiyo, yupo. Ukasikiliza tena. "Anaimba vibaya."

Nilicheka mpaka nikashindwa kukueleza. Yule ni mpigaji mwenyewe, Glenn Gould, Mkanada. Hakukusudia kuimba. Kila akipiga, sauti ilimtoka, na mafundi wa mitambo walihangaika naye maisha yake yote bila kumnyamazisha. Alikuwa na kiti chake ambacho baba yake alimkatia miguu, kikawa cha inchi 14 tu kutoka sakafuni, kama kigoda. Alisafiri nacho dunia nzima, na miaka ya mwisho sehemu ya kukalia ilikuwa imekwisha, amebaki anakalia fremu. Kwa hiyo ukisikia mlio wa mbao mahali fulani, si redio yako iliyoharibika. Ni kiti.

Sasa swali lako. Ulisema: "Wimbo ni mmoja, mpigaji ni mmoja, mbona umeweka mara mbili? Ulikosea?" Sikukosea. Bach, mtunzi wa Kijerumani, alichapisha kazi ile, Goldberg Variations, mwaka 1741 kwa ajili ya kinanda cha kale, kile ambacho nyuzi zake hukwanyuliwa badala ya kugongwa. Unaanza wimbo mfupi wa taratibu, halafu besi yake inageuzwageuzwa mara 30, kisha wimbo unarudi kama ulivyoanza. Gould aliirekodi Juni 1955 akiwa na miaka 22, New York, kwenye studio ya Mtaa wa 30 iliyokuwa kanisa zamani, dari lake futi 100 juu. Alifika kwenye joto la kiangazi kavaa koti, skafu na glavu, kabeba chupa za maji yake na vidonge vyake, na kabla ya kupiga aliloweka mikono kwenye maji ya moto. Akamaliza yote kwa dakika 38 na ushei. Mwaka 1981 akarudi chumba kilekile, kazi ileile, safari hii dakika 51. Sehemu ya tofauti hiyo ni marudio ambayo mara ya kwanza aliyaruka, lakini chukua ule wimbo wa mwanzo tu: mara ya kwanza haukufika dakika mbili, mara ya pili unazidi tatu.

Wewe ndiye uliyekuwa ukigonga dawati kwa rula ukituambia, "Msikimbilie! Bwana haondoki!" Ndiyo maana ile ya 1981 nimeitanguliza, faili namba 01. Mimi mwenyewe, usinicheke, bado niko na ya 1955. Ina kiherehere cha mtu aliyepewa ufunguo wa nyumba kwa mara ya kwanza. Ila humo hasikiki sana akiimba, na ule uimbaji mbaya ndio ulikusimamisha mkono.

Watu hupenda kusema ile ya pili ni buriani yake, kwa kuwa ilitoka Septemba 1982 na yeye akafariki kwa kiharusi Oktoba 4, siku chache baada ya kutimiza miaka 50. Sikubaliani nao. Aliirekodi zaidi ya mwaka mmoja kabla, na mwaka 1982 alikuwa bado studio anarekodi mambo mengine. Hakuwa anaaga mtu. Alikuwa kazini.

Faili 03 ndiyo ile uliyosema ina mchanga. Mchanga huo ni wa santuri, shangazi, zile nzito ambazo babu alikuwa nazo chini ya kitanda. Chombo ni chelo, fidla kubwa inayoshikwa katikati ya magoti, na mpigaji ni Pablo Casals, Mkatalani wa Hispania. Alikuwa na miaka 13 mwaka 1890 alipoingia na baba yake kwenye duka la nota zilizotumika huko Barcelona, wakakuta kitabu cha Bach cha chelo peke yake, mafungu sita. Mwenyewe alisimulia kwamba alifanya mazoezi miaka 12 kabla ya kuthubutu kupiga hata fungu moja mbele ya watu. Alipokubali kuyarekodi, Novemba 1936 huko London, alikuwa anakaribia miaka 60 na nyumbani kwao vita vya wenyewe kwa wenyewe vimeshawaka. Mengine aliyamalizia Paris 1938 na 1939. Vita vilipoisha kwa ushindi wa Jenerali Franco alikataa kurudi kuishi kwao, na hakuishi huko tena mpaka kufa kwake mwaka 1973.

Sikiliza kwa sikio la mwalimu. Upande mmoja wa santuri ulibeba dakika nne, tano kwa kujibana. Ukiteleza dakika ya tatu, unaanza upya toka mwanzo. Gould alikuwa hodari wa kukata utepe na kuunga, anachukua nusu huku na nusu kule. Casals hakuwa na mkasi. Kwa hiyo pale upinde unapokwaruza, au kidole kinapogonga ubao kabla ya noti kutoka, ni kwa sababu aliamua kwamba fungu lile, pamoja na mkwaruzo wake, ndilo. Wapo waliolipiga safi zaidi. Yo-Yo Ma, mpiga chelo wa siku hizi, peke yake kayarekodi yote sita mara tatu katika maisha yake, na ninazo, na ni nzuri. Mchanga wa Casals ndio ninaourudia.

Tahadhari moja kuhusu chelo. Usimruhusu kijana wa duka la dawa akupigie kwenye sabufa yake. Kaifungua besi mpaka mwisho, Bach anasikika kama bodaboda iliyopasuka eksozi. Na mimi hapa Tabata nilipoipiga jioni moja kwa sauti ya kawaida kabisa, jirani alikuja na leso mkononi kuuliza nani amefariki. Nikamkaribisha chai. Alikaa mpaka fungu la tatu likaisha, akasema si msiba, ila angependa ipigwe kwenye wake.

Faili 04 sitaieleza sana maana inajieleza. Jacqueline du Pré, binti wa Kiingereza wa miaka 20, Agosti 1965, kazi ya Elgar, mtunzi wa Kiingereza, ya chelo na okestra. Inaanza yeye peke yake, na akishapiga zile kodi nne za mwanzo, yaani noti zinazopigwa kwa pamoja, hutarudi kwenye maharage. Kiongozi wa okestra ni John Barbirolli, ambaye kijana mwenyewe alikuwa anapiga chelo ndani ya okestra siku kazi hiyo ilipotolewa kwa mara ya kwanza, mwaka 1919, ikavurugika kwa kukosa mazoezi ya kutosha. Fikiria mtu anasubiri miaka 46. Walirekodia Kingsway Hall, London, ukumbi wa Wamethodisti uliosifiwa kwa sauti na kulaaniwa kwa treni za chini ya ardhi zilizokuwa zikinguruma chini yake. Nimetafuta treni kwenye faili hiyo miaka mingi. Ukiisikia niambie.

Ya mwisho ndiyo niliyotaka uisikie kuliko zote, na ndiyo pekee ambayo hukuniambia neno.

Dinu Lipatti, mpiga kinanda Mromania. Septemba 16, 1950, mji wa Besançon, Ufaransa, mbele ya watu. Alikuwa na miaka 33 na saratani ya tezi za limfu imeshammaliza, anasimama kwa nguvu ya sindano za kotisoni, dawa iliyokuwa mpya wakati huo. Daktari alimsihi aahirishe. Akasema ameahidi, atapiga. Kabla hajaanza kipande cha kwanza, cha Bach, sikiliza vizuri: anapitisha vidole kwenye kinanda, noti kadhaa zinapanda na kushuka, si sehemu ya wimbo. Anafanya vile ulivyokuwa ukifanya wewe, unapotupa do kwa mdomo uliofumba kabla hujainua mkono. Anajipa sauti. Kwenye rekodi ya studio wangelikata hilo bila kuuliza.

Mwisho wa ratiba zilikuwa walsi 14 za Chopin, vipande vya mapigo ya dansi. Alipiga 13. Mikono ikakataa, ya mwisho akaiacha. Miezi miwili na nusu baadaye, Desemba 2, akafariki Geneva.

Ukitaka zote 14, zipo. Alizirekodi Geneva Julai ya mwaka uleule, zimetulia, hazina kasoro hata moja ya kunyooshea kidole. Nimekuwekea zile 13.

Sasa zamu yako, na hapa ndipo nilipokuwa naelekea tangu shikamoo.

Kuna kaseti kwenye kabati lako la vyombo, nyuma ya zile bilauri za harusi. Kwaya yenu, 1994, Haleluya ya Handel kwa Kiswahili, imerekodiwa kanisani kwa redio kaseti iliyowekwa juu ya benchi la mbele. Nilikuwa na miaka tisa, nimekaa karibu na hiyo redio nikiwa na amri ya kutokohoa. Ubaoni ilikuwa bado imeandikwa solfa yako kwa chaki, do re mi za sauti zote nne. Mkafika "milele na milele", soprano wanapanda, na pale pale mvua ikashuka juu ya bati. Si mvua ya kunong'ona, ile ya kwetu. Waimbaji wa tenori wakapotea kabisa. Ndani ya kaseti inasikika rula ikigonga dawati mara tatu, na sauti yako, si ya kuimba, ya kugomba: "Endeleeni! Endeleeni!" Wakaendelea. Hakuna aliyekuwa anamsikia mwenzake, lakini mlitua pamoja kwenye ile "Haleluya" ya mwisho.

Miaka yote umewakatalia watu wasiinakili kwa sababu mvua iliiharibu na kwa sababu ya kelele zako. Nimekupa tano, shangazi. Naomba moja.

Nimempata fundi Kariakoo mwenye deki ya kaseti inayofanya kazi. Anahamisha kwenye flashi wakati unasubiri. Nimemwambia asisafishe chochote. Itume kwa basi la asubuhi, mpe kondakta namba yangu, mwambie asiiweke karibu na injini kwenye joto. Kabla hujaifunga, tazama kama utepe umelegea. Ukiona umelegea ingiza penseli kwenye tundu uukaze polepole. Na vile vijino viwili vya plastiki vya mgongoni mwa kaseti, vivunje kabisa, asije mjukuu akaipitia njiani akarekodi juu yake.

Wasalimie wote, na jirani wa chini.

Mwanao wa Tabata