Kaka, picha ina masikio

Kaka yangu,

Nimesikia kwamba siku hizi unamfundisha mwanao kupiga picha, na kwamba amri ya kwanza uliyompa ni ileile uliyonipa mimi: asisikilize kitu chochote anapofanya kazi. Nimefurahi, kwa maana simjui mwalimu mwenye jicho kali kukushinda. Nimeumia pia, nawe unajua kwa nini.

Usiku ule katika chumba cha giza sijausahau. Filamu ya mama ilikuwa ndani ya tangi la kusafishia, picha 36 za mwisho alizokubali kupigwa, dawa ikiwa na nyuzi joto 20, nami nikihesabu dakika nane kwa nyimbo mbili za kaseti nilizozijua hadi pale mwimbaji anapovuta pumzi. Ukaingia, ukazima kaseti katikati ya wimbo wa pili, ukasema, "Picha haina masikio." Tukabishana. Tulipokuja kulikumbuka tangi, filamu ilikuwa imekaa ndani ya dawa karibu mara mbili ya muda wake. Iliyoniuma kuliko zote ni ile ya dirishani: shavu lililopokea mwanga lilikuwa jeusi tititi kwenye negativu, ile filamu iliyosafishwa ambayo mwanga hugeuka weusi, na kwenye karatasi likatoka jeupe kama ukuta uliopakwa chokaa, bila kunyanzi, bila ile alama ndogo chini ya jicho. Mama amebaki upande wa kivuli tu.

Miaka yote hii umewaambia ndugu zetu kwamba muziki ndio ulioiharibu filamu ile. Mimi nasema iliharibika pale muziki ulipozimwa.

Tena wewe, unayemhusudu mpiga picha Mmarekani Ansel Adams kwa vipimo vyake, unasahau kwamba alisomea piano na hadi karibu mwaka 1930 alitarajia kuishi kwa kazi hiyo. Kwamba aliifananisha negativu na nota za mtunzi, na kuichapisha picha na kuzipiga nota hizo. Na kwamba chumbani mwake mwa giza alihesabu sekunde kwa mapigo ya metronomu, kile kifaa cha kuwahesabia wanamuziki mapigo. Alfred Stieglitz naye, mpiga picha mwingine wa Marekani, mwaka 1922, aliielekeza kamera mawinguni, akapanga picha 10 na kuziita muziki, akitamani mtunzi Ernest Bloch azitazame na kukiri hivyo. Je, hao nao walikuwa wazembe?

Mwache kijana asikilize. Simaanishi azibe masikio kwa muziki kila aendako. Hapo nakubaliana nawe, kwa maana mahali penyewe huwa na sauti yake. Niliwahi kupiga picha za watu wakishuka ngazi, na kwa siku mbili niliambulia visigino na migongo. Siku ya tatu niliacha kutazama, nikasikiliza: hatua tano za haraka, kisha kusita kidogo kwenye kidato kilichovunjika ukingo, na hapo ndipo mtu hushika ukuta na kuinua uso. Tangu hapo nikawa nabonyeza kwa sikio. Na ulikuwa wimbo wa taratibu, si wewe (nisamehe), ulionifundisha kushusha kasi ya shata, kile kilango cha kamera kinachopitisha mwanga, hadi sehemu ya 15 ya sekunde, mikono ya mfumaji ikatawanyika kama moshi juu ya uzi. Kwa sehemu ya 250, uliyoniagiza nisishuke chini yake, kila kidole kingeganda.

Nilikuwa na saa mkononi usiku ule. Hilo sijawahi kukuambia, na sijui kwa nini naliandika hapa mbele ya watu. Ningeweza kuitazama. Lakini nawe uliliona tangi mezani kabla hujanyoosha mkono kuizima kaseti, wala usinikatalie, kwa sababu ulilisogeza pembeni ili uifikie.

Negativu ninayo bado. Nimeichapisha upya mara nyingi, nikiuongezea mwanga upande wa dirisha huku nimeukinga uso uliobaki kwa kiganja, na juzi, baada ya kuhesabu wimbo mzima bila mtu kuingia, ile alama chini ya jicho ilianza kujitokeza kwenye karatasi, kijivu hafifu. Nilichapisha nakala mbili. Ya pili nimeifunga kwenye bahasha, ila sina anwani yako mpya.