Maktaba zitumike kufundisha vijana kuhoji habari

Mhariri,

Naandika kuhusu habari za uongo mitandaoni na nafasi ya maktaba katika kuzikabili. Wapo wanaodai simu imezifanya maktaba zipitwe na wakati. Sikubaliani nao hata kidogo. Picha inayosambazwa mtandaoni mara nyingi haina tarehe wala jina la aliyeipiga. Kwenye hifadhi ya nyaraka, hayo huandikwa, pamoja na nani aliikabidhi na lini. Hata kurasa za intaneti zilizofutwa zaweza kupatikana, kwani Internet Archive, maktaba ya kidijitali iliyoko mtandaoni, imekuwa ikihifadhi nakala za kurasa tangu 1996.

Mwanafunzi akiwekewa mezani magazeti mawili ya siku moja yanayopingana, huanza mwenyewe kuuliza: nani kaandika, na je, alikuwapo?

Naomba wizara za elimu ziweke kipindi cha maktaba kwenye ratiba, na wakutubi wapewe jukumu la kukifundisha, wasiachiwe kugonga mihuri tu.