Maji ya rangi Msimbazi

Ndugu mhariri,

Naomba kanafasi kidogo. Mi nakaa bondeni huku karibu na mto Msimbazi, kuna kiwanda kimoja cha nguo sitakitaja, asubuhi ukipita kwenye mtaro wake unakuta maji leo ya bluu kesho mekundu, tena ya moto yanafuka mvuke, na hapo hapo jamaa anachota na keni anamwagilia mchicha, huo mchicha jioni ndo tunaununua sisi fungu kwa fungu.

Hatusemi kifungwe, ajira tunazitaka bwana. Ila pamba ikitiwa rangi inawekewa na chumvi nyingi, na rangi yote haishiki, nyingine inabaki kwenye maji, si unaona hata khanga mpya ukiiloweka mara ya kwanza inavyochuja beseni zima. Mitambo ya kusafisha hayo maji ipo, mengine yanarudi kutumika tena, si uchawi, ni hela tu ambazo bosi hataki kutoa.

Kinachoniuma, pamba ya Simiyu inalimwa kwa mvua, na kule Meatu wapo wakulima wanaolima bila dawa za kemikali miaka na miaka, yani shambani tunaanza vizuri halafu tunakuja kuharibia kwenye pipa la rangi.

Wakaguzi wa mazingira waje basi, sheria ipo toka 2004, ila waje bila kupiga simu kwanza, maana wakitangaza tu siku hiyo mtaro unakuwa msafi utadhani maji ya bomba.

Msomaji wenu,
Dar es Salaam