Mpiga Dramu Asiyechoka

Majengo, Moshi
Jumapili jioni

Mzee wa Besi,

Salamu nyingi. Huku tu wazima, mvua tu ndiyo imekataa kutuachia.

Uliniuliza nani kapiga dramu kwenye ile rumba, ukasema nisimwachie aende bendi nyingine. Kaka, hakuna mtu. Ni programu inaitwa Hydrogen, ya bure kabisa, na kwenye kompyuta yangu hii kuukuu inakwenda bila kukwama. Magitaa narekodi kwenye programu nyingine, Reaper. Hiyo unaijaribu siku 60, halafu leseni ya watu kama sisi ni dola 60. Nadunduliza.

Usidhani ilikuja kirahisi. Nilianza na gitaa, nikihesabu kwa mguu, nikaona nimeua. Kuja kuweka dramu za mapigo 104 kwa dakika, ubeti wa kwanza tukaenda sawa. Kufika kwenye chemko, pale rumba inapochanganya, mimi niko mbele, dramu ziko nyuma kama abiria aliyeachwa stendi. Kumbe miaka yote hii mguu wangu unakimbia! (Wewe ulijua, ukaninyamazia.) Nikafuta yote. Siku hizi natanguliza dramu, hata kama ni kiki (ngoma kubwa ya mguu) na haihati (matoazi pacha) tupu, navaa hedifoni, ndipo nashika gitaa. Na kwenye chemko mwendo naupandisha mle mle kwenye programu, mguu nimeustaafisha.

Halafu mama. Alikuwa barazani anachambua maharage, mimi ndani narudia kipande kile kile, akauliza: "Huyo mpigaji wako hachoki?" Nilicheka, lakini usiku nikasikiliza tena. Kweli, cherehani. Unajua, kwenye programu kila baa, yaani kipimo cha mapigo manne, imegawanywa vyumba 16. Snea, ile ngoma ndogo yenye mlio mkali, nilikuwa nimeiweka chumba cha 5 na cha 13, haihati vyote, na zote zinagonga kwa nguvu ile ile. Chini ya kila pigo kuna kijiti cha nguvu, unakishusha au kukipandisha kwa mausi. Haihati za katikati nikazishusha karibu nusu, zile zinazoangukia pigo lenyewe nikaziacha juu. Hapo rumba ikaanza kupumua. Kuna na vitufe vya kuvuruga kidogo nguvu na muda, kama anavyokosea binadamu. Hivyo viguse tu, ukizidisha unapata mpigaji aliyetoka kilabuni.

Tena nikakuta mahali snea, haihati na toazi zinalia kwa mpigo mmoja. Mikono mitatu! Sasa kila nikiandika pigo nakaa kitini napiga hewani kwanza, nione kama mwili unaweza.

Nimekutumia faili la dramu peke yake. Weka besi yako. Mwanzoni kuna baa mbili za kuhesabu, usizikate, hata kama wewe uko kimya hapo. Nirudishie likiwa limeanza pale pale, nitalibandika juu ya langu na litakaa sawa. Usiitie madoido, nitayatia mimi huku. Mvua ikipiga bati wewe endelea tu, besi inaingia kwa waya haiisikii. Mimi na gitaa kavu na maikrofoni ndio tunaoteseka, gitaa la rithimu nasubiri kulirekodi usiku wa manane.

Mama anakusalimu.

Wako,
Mguu Unaokimbia