Paa la asbesto lisivunjwe kwa nyundo

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenye majengo ya zamani hapa Tanga. Hivi karibuni, mtaani kwetu Ngamiani, mafundi walikuwa wakiezua kwa nyundo paa la asbesto, yaani saruji iliyochanganywa na madini ya nyuzinyuzi. Vumbi lilitanda hadi kwenye meza ya mama muuza chapati, na jioni watoto wakaokota vipande wakachorea barabarani.

Roho iliniuma. Nyuzi za asbesto ni ndogo mno, hazionekani kwa macho. Zikivutwa hukaa mapafuni, na saratani yake huweza kujitokeza baada ya miaka 20 hadi 40, fundi mwenyewe keshaisahau kazi ile. Shirika la Afya Duniani linasema aina zote za asbesto husababisha saratani.

Paa zima lisilopasuka liachwe, likaguliwe mara kwa mara. Likilazimu kutolewa, lilowanishwe maji kwanza, skrubu zifunguliwe taratibu, mabati yake yashushwe mazima, yafungwe kwa nailoni nzito mara mbili, yazikwe mahali palipoidhinishwa. Barakoa ya kitambaa haizuii nyuzi hizo. Wala mabaki yasigeuzwe banda la kuku!

Naiomba Halmashauri ya Jiji isitoe kibali cha kubomoa kabla paa halijakaguliwa, na mkandarasi aoneshe atakakozika mabaki. NEMC wanaosimamia mazingira na OSHA wanaosimamia usalama kazini nao watufikie mitaani. Mafundi wetu wengi ni vijana. Wapewe mafunzo na vifaa kabla hawajapanda juu.

Mkazi wa Ngamiani,
Tanga